Wali Haujaiva: Kisa cha Filamu Fupi ya Watoto wa Lindi

Mgogoro wenyewe ulikuwa wa sekunde arobaini tu. Filamu ya watoto ilikuwa na dakika nne, ilipigwa kwa simu ya mkononi, na karibu kila aliyeiona pale shuleni aliipenda. Ubishi ulianza pale watu wazima walipotaka iongezwe kipande kidogo mwishoni: sauti ya mwalimu ikieleza kwa ufasaha filamu hii inatufundisha nini. Watoto walioitengeneza wakakataa. Kukataa kwao kulipokelewa kwanza kama utovu wa nidhamu, kisha kama ukaidi, na baadaye, polepole, kama hoja.

Mimi nilikuwa fundi wa picha katika kazi ile. Riziki yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na maulidi hapa Lindi mjini, na mwalimu mlezi wa klabu ya sanaa ya shule moja ya msingi aliniomba niwasaidie watoto wake. Shule siitaji na watoto siwataji. Walikuwa wa darasa la tano na la sita, wengi wao watoto wa wavuvi, mama lishe na wakulima wa korosho na ufuta. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini yaliyotokea pale hutokea karibu kila mahali watoto wetu wanapopewa kamera, ila kwa kawaida hupita kimyakimya na filamu inatoka ikiwa na maneno ambayo watoto hawakuyasema.

Mjusi

Mwalimu alikuja na neno moja tu, ubunifu, akawaachia watoto wachague wenyewe watakachotengeneza. Kikao cha kwanza chote walitaja mambo waliyojua watu wazima wangeyafurahia: usafi wa mazingira, madhara ya utoro, faida za kupanda miti. Hakuna aliyeonekana kuyataka. Mwishoni msichana mmoja wa darasa la tano akasema, "Tumfanye mjusi." Hakuhitaji kufafanua. Lindi ukisema mjusi kwa sauti ile, kila mtu anajua unamsemea yupi.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, upande wa Mipingo. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta wataalamu wake kuichimba. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu, nchi ya kusini ilikuwa imechakazwa na vita na njaa, na watu waliobaki walihitaji ujira. Mamia ya vibarua walichimba. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mwaka 1937 mifupa ya dinosaria, mnyama wa kale mwenye shingo ndefu, ilisimamishwa Berlin, na yuko pale mpaka leo, kimo chake sasa mita 13.27. Wataalamu wanamwita Giraffatitan brancai na wanasema aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Sisi tunamwita mjusi, na suala la kurudi kwake au la sisi kufaidika naye limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja.

Watoto walijua kipande kidogo tu cha habari hii. Mwalimu akamwita mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kusimuliwa habari za upagazi na wazee wake. Yule mzee hakutoa hotuba. Aliketi kwenye benchi, akapokea shikamoo zao, akaanza kueleza mzigo unavyowekwa kichwani: kata ya majani, mkono gani unashika, wapi unatua, nani anakusaidia kujitwisha tena ukiwa umechoka. Watoto wakainuka kujaribu kwa mabegi yao. Nami niliwaongezea jina moja ninaloliheshimu, Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru na mmoja wa watu waliojua kuitoa mifupa ile ardhini bila kuivunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mvulana mmoja akauliza kama Boheti aliwahi kwenda Berlin kumwona mjusi akiwa amesimama. Swali hilo halikupata jibu siku ile, lakini naamini ndilo lililozaa hadithi, kwa sababu kuanzia hapo watoto waliacha kuzungumza juu ya mifupa, wakaanza kuzungumza juu ya safari.

Hadithi waliyoitunga ni hii. Usiku, walinzi wa Berlin wakishafunga milango, mjusi anahesabu mifupa yake, na kila usiku anakuta umepungua mmoja wa mkiani. Anakumbuka kwamba ulibaki nyumbani. Anatoka, anaingia baharini, anafuata harufu ya pweza anayechomwa, na alfajiri anatokea ghuba ya Lindi. Mfupa wake anauona: bibi mmoja ameufanya figa. Umeshika sufuria pamoja na mawe mawili. Mjusi anainamisha shingo na kuomba mfupa wake. Bibi anamjibu, "Subiri, wali haujaiva." Mjusi anaketi, mkia umevuka barabara, pantoni ya Kitunda inapita kando yake. Sufuria inachemka. Filamu inaishia hapo.

Siku jibu la bibi lilipotamkwa darasani kwa mara ya kwanza, watoto walicheka wote kwa mkupuo, kisha wakaanza kugombania nani atakuwa sauti ya bibi. Mwisho ulikuwa umepatikana na hakuna aliyeujadili tena. Nami kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyouona umekamilika. Mjusi anadai haki yake. Bibi ana wajukuu wenye njaa, na hakuiba kitu. Aliokota jiwe kama kila mtu anavyookota. Kila mmoja ana hoja, na hoja zenyewe zimekutana kwenye jiko moja. Watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja walilijenga jambo hilo kwa maneno matatu.

Jinsi ilivyopigwa

Walitumia njia ya picha moja moja: unaweka kitu, unapiga, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kazi za kusogeza vitu kwa mkono mara nyingi huridhika na 12. Sisi tulishuka hadi 8, ambazo kwa dakika nne ni picha 1,920, na hata hizo zilitosha kuwachosha watu wazima waliokuja kutazama mara moja moja. Watoto hawakuchoka. Kazi ya kusogeza gunzi kidogo, kutoka kwenye fremu, kusema "piga", kurudi, inafanana na mchezo wao wa kawaida kuliko tunavyodhani.

Mjusi alitengenezwa kwa magunzi ya mahindi yaliyotobolewa kwa msumari wa moto na kutungwa kwenye waya, madogo mkiani, manene kifuani, membamba tena shingoni. Meno yalikuwa punje za ufuta zilizobandikwa kwa gundi moja moja. Simu ilifungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli juu ya ndoo ya mchanga, na ndoo ikazungushiwa chaki sakafuni ili ikisukumwa irudi pale pale. Tuliiweka simu katika hali ya ndegeni, maana ikiita tu imetikisika. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kufunga mwanga na fokasi kabla ya kuanza. Simu ikiachwa ijirekebishe yenyewe kila picha inatoka na mwanga wake, na filamu nzima inapepesa. Jua nalo lina mambo yake. Kivuli kinahama hata ukikitazama hukioni, lakini kwenye filamu kinakimbia. Kwa hiyo mandhari ya Lindi yalipigwa asubuhi tu, kabla upepo wa bahari haujaanza kuangusha vitu.

Berlin ilileta shida. Nilipendekeza tuchore ukuta wa makumbusho kwenye boksi na kuupaka rangi. Msichana yule yule akasema, "Kule hatujafika. Hatujui rangi yake." Wakaamua Berlin iwe vivuli vitupu. Tukatundika shuka jeupe darasani usiku, taa nyuma, maboksi yaliyokatwa kwa mkasi mbele ya taa, viungo vya shingo vimeshikwa kwa vipande vya waya. Nikawaonesha baadaye kwamba Mjerumani Lotte Reiniger alitengeneza filamu ndefu nzima kwa karatasi nyeusi zilizokatwa na kuungwa viungo namna hiyo, ikaoneshwa mwaka 1926. Walifurahi, lakini hawakushangaa. Kwao ile ilikuwa njia ya wazi ya kuonesha mahali usipopajua.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mara nyingi tunasema watoto wana ubunifu bila kusema ubunifu huo uko wapi hasa. Rangi za kuchora ukuta wa Berlin zilikuwepo. Wangeweza kukisia. Walichagua kuufanya ujinga wao uonekane kwenye picha, na matokeo yake mtazamaji anahisi tofauti ya nchi mbili bila kuambiwa: kule giza na umbo tupu, huku jua, majani ya mnazi na moshi. Huo ni uamuzi wa msanii. Fundi wa harusi mwenye kompyuta na programu zake asingeufikia, kwa sababu mazoea yangu yananituma kujaza kila pembe ya fremu.

Uamuzi mkubwa zaidi ulitokea kwa bahati. Wapagazi walikuwa njiti za kiberiti zilizochomekwa kwenye udongo mbichi, na mifupa waliyobeba ilikuwa punje za mchele. Msafara ulipigwa ukitoka Tendaguru kuelekea melini. Mvulana aliyekuwa akikagua picha alizirudisha nyuma haraka kwa kidole, na ghafla njiti zikawa zinatembea kinyumenyume, zikishusha mchele kutoka melini na kuurudisha porini. Akaita wenzake. Walirudia kuitazama mara nyingi kuliko niwezavyo kueleza. Wakaamua msafara uende kwanza, halafu urudi, muda ule ule, bila sauti wala maelezo. Sekunde kumi kwenda, sekunde kumi kurudi. Mwalimu alipoviona vipande hivyo viwili vikifuatana alitoka nje ya darasa kidogo kabla ya kurudi na kusema vizuri sana.

Sekunde arobaini

Watu watatu walitaka kipande cha mwisho, kila mmoja kwa sababu yake, na sababu zote zilikuwa za watu wema. Aliyegharimia bando, gundi, kadi ya memori na chakula cha mchana cha watoto alitakiwa kuwasilisha ripoti yenye ujumbe wa filamu kwa sentensi moja. Mwalimu mkuu alijua wazazi watauliza vipindi vile vya jioni vilimfaidia nini mtoto. Mwalimu mlezi, ambaye ndiye aliyependa filamu kuliko wote, alihofia kwamba bibi anaonekana mchoyo, na kwamba mtoto akiona mzee mchoyo na filamu ikaisha hivyo hivyo, ataondoka na funzo baya. Wakakubaliana maneno: filamu hii inatufundisha kutunza malikale zetu na kuwa wakarimu kwa wageni.

Maneno hayo yaliposomwa mbele ya klabu, watoto wengi waliinamisha vichwa kama wanavyofanya wakisomewa matokeo. Msichana wa darasa la tano akanyoosha mkono. "Mwalimu, mjusi siyo mgeni."

Hiyo ndiyo hoja nzima, na haikuhitaji mtu wa kuitetea. Sentensi ya watu wazima, iliyokusudiwa kuifafanua filamu, ilikuwa imeipindua. Mjusi ambaye ametembea bahari nzima kurudi kwao amegeuzwa mgeni anayekaribishwa. Na malikale zinazopaswa kutunzwa, je, ni ule mfupa uliobaki Lindi ukishika sufuria, au ni zile tani 200 zilizoondoka? Sentensi haikujua. Watoto walikuwa wamekwisha lisema jambo hili kwa njiti za kiberiti zinazorudi kinyumenyume, na walilisema vizuri kuliko sentensi.

Tabia hii ina mizizi. Vizazi kwa vizazi tumesoma vitabu ambavyo kila hadithi inafungwa na swali, hadithi hii inatufundisha nini, na tukajua kwamba kulijibu ni kupata alama. Sina ugomvi na swali lenyewe. Ngano nyingi zimetungwa zikiwa na funzo, na mtoto anayelipata anafurahi. Nina ugomvi na kuligeuza kuwa ushuru unaolipwa na kila kazi ya mikono ya mtoto kabla haijaruhusiwa kupita. Na sikubali wanaodai kwamba hayo ndiyo asili yetu. Nenda Newala au Tandahimba, simama mbele ya kinyago cha shetani cha Mmakonde, mpingo uliochongwa ukawa kiumbe chenye mguu mmoja na sikio tumboni. Hakuna mteja wala mzee wa pale atakayemwambia mchongaji aandike chini yake kinatufundisha nini. Kitendawili nacho kinategwa, kinahangaisha watu, na aliyeshindwa anatoa mji. Mji ukishatolewa ndipo jibu linakuja, na raha yote ilikuwa kwenye kuhangaika. Babu zetu waliijua thamani ya jambo ambalo halijafungwa.

Huko nje nako ziko filamu fupi za watoto zilizodumu bila funzo kubandikwa. Le Ballon rouge ya Mfaransa Albert Lamorisse, ya mwaka 1956, ina dakika 34 na maneno machache mno: mtoto wa Paris anafuatwa na puto jekundu. Hakuna anayekuja mwishoni kueleza puto ni nini. Ilipata tuzo ya filamu fupi Cannes na tuzo ya Oscar ya uandishi wa filamu, na hiyo ya pili inanipendeza zaidi, kwa kuwa wapigakura waliona kwamba kuandika filamu siyo kujaza maneno.

Maonyesho mawili

Mwalimu mkuu ndiye aliyetoa njia. Akasema nihariri matoleo mawili. Mkondo mmoja wa wanafunzi pamoja na wazazi waliohudhuria kikao wangeona lenye sauti ya mwalimu. Mkondo wa pili ungeona lile la watoto. Projekta iliazimwa, shuka ni lile lile la Berlin, spika ni yangu. Tulibaki ndani ya shule na hatukuiweka filamu mtandaoni. Maonyesho ya hadhara yana utaratibu wake tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na sauti za watoto wa watu si mali ya kusambaza ovyo, hata kama mzazi ametia saini.

Kisa kimoja cha shule moja hakiwezi kuthibitisha kanuni, lakini nilichokiona nakiandika kama kilivyokuwa.

Toleo lenye funzo lilipigiwa makofi marefu. Mwalimu wa zamu akauliza, "Tumejifunza nini?" Mikono ikaenda juu. Mtoto wa kwanza akarudia sentensi ya mwisho neno kwa neno. Wa pili akairudia pia, akibadilisha mpangilio. Wa tatu akasema tutunze mazingira, jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye filamu. Wazazi waliridhika, na walikuwa na haki ya kuridhika, maana watoto wao walikuwa wameonekana. Baada ya hapo watu wakasimama.

Toleo la watoto lilipoisha palikuwa na manung'uniko. "Imekatika?" mmoja akauliza, akidhani umeme umekwenda. Tulikuwa tumemwomba mwalimu asiulize tumejifunza nini. Aliuliza, "Mngependa kumuuliza nani, na mumuulize nini?" Nimeyashuhudia mengi nyuma ya kamera, lakini sijawahi kuona darasa likiwaka namna ile. Mmoja alitaka kumuuliza bibi amepikia watu wangapi. Mwingine akataka kumuuliza mjusi kwa nini hakwenda kutafuta jiwe jingine la kubadilishana. Wakaligeukia hilo: kama kuna jiwe jingine, basi tatizo limekwisha, kwa nini hakuna aliyelifikiria? Kwa sababu, akasema msichana mmoja, ukitoa figa sufuria ikiwa jikoni, wali unamwagika hata kama jiwe jingine unalo mkononi.

Ubishi wa njia ulichukua nafasi kubwa. Kundi moja lilishikilia kwamba mnyama wa nchi kavu angepita barabarani, kwa hiyo angevuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Mwalimu wa hisabati, ambaye alikuwa amekuja kutazama tu, akaingia: daraja lina mita 970, mjusi ana urefu wa mita 22 hivi, je, wangejipanga wangapi? Wakapata 44. Je, daraja lingehimili uzito? Wataalamu wanakadiria kati ya tani 20 na 40 hivi kwa mnyama mmoja. Watoto wakaanza kulinganisha na malori ya korosho yanayopita pale msimu wa mavuno. Hakuna aliyewaambia wafanye hesabu.

Kisha akasimama mvulana mdogo wa nyuma, ambaye mwalimu wake aliniambia baadaye huwa hasemi darasani. Akauliza, "Ule mchele waliobeba wapagazi, ndio anaoupika bibi?"

Watengenezaji wakatazamana. Walitumia mchele kwa sababu ulikuwa na ukubwa unaofaa kwa njiti ya kiberiti, basi. Hakuna aliyeunganisha mchele wa msafara na wali wa sufuria, mimi nikiwemo, niliyezitazama picha zile kupita watu wote. Swali lile liliifungua filamu upande ambao waliotengeneza hawakujua upo. Kama bibi anapika mifupa iliyorudi, basi anachosubiri mjusi ni nini hasa? Mjadala ukaenda mpaka kengele, ukaendelea nje, na keshoye mwalimu akakuta michoro ya mijusi ubaoni ambayo hakuna aliyeiagiza.

Nimejiuliza sana kama swali lile lingeulizwa kwenye onyesho la kwanza. Sidhani. Mtoto wa nyuma alikuwepo kila mahali, katika mikondo yote miwili. Kilichotofautiana ni kama nafasi yake ilikuwa imeachwa wazi au imekwisha kaliwa na sauti ya mtu mzima.

Mwalimu alivyojibu

Mwalimu mlezi hakukubaliana nami moja kwa moja, na pingamizi lake lina uzito. Watoto wa darasa la pili waliingizwa kutazama toleo lisilo na funzo, na wao hawakuwaka. Walihangaika. Mmoja aliendelea kuuliza kama mjusi amekula, na alipoambiwa hatujui, alilia. Mtoto mdogo, alisema mwalimu, anahitaji kufungiwa mlango kabla ya kulala. Uhuru wa kutojua ni chakula cha wakubwa kidogo. Nakubali. Hata hivyo kumfungia mlango mtoto mdogo ni kumwambia wali ukaiva na mjusi akala. Kumwambia tutunze malikale hakumtulizi hata kidogo. Mdogo yule aliomba mwisho wa hadithi, na sisi watu wazima tulikuwa na funzo tu la kumpa. Mwalimu alinyamaza kwa hilo, kisha akasema basi kuna kazi ya kufanya.

Yapo pia ya mfadhili. Ripoti lazima ijazwe, na mtu anayetoa fedha zake kwa watoto wa Lindi hastahili kubezwa. Tulichofanya ni kumwandikia ripoti yenye maswali ya watoto badala ya ujumbe: swali la jiwe la kubadilishana, hesabu ya daraja, swali la mchele. Aliipokea. Alituambia waziwazi kwamba wakubwa wake walizoea sentensi, akaomba tubakize pia toleo lenye sauti ya mwalimu kwenye kumbukumbu zake. Liko kwake. Lililopo shuleni ni la watoto.

Utaratibu wa klabu sasa umebadilika kwa mambo machache. Makubaliano na anayegharimia yanaandikwa kabla ya picha ya kwanza, na yanasema mwisho wa filamu ni wa watoto. Mtu mzima anayeitazama kazi ikiwa bado jikoni anaruhusiwa kuuliza swali, haruhusiwi kutoa sentensi ya kuingizwa. Na watengenezaji wanatakiwa kueleza kwa nini wamefanya walivyofanya, kila tukio, kwa maneno yao. Hili mwalimu alilisisitiza, na ni zuri, kwa sababu ndilo lililotupatia lile jibu la rangi ya Berlin.

Klabu imeanza filamu ya pili, fupi zaidi, kwa ajili ya darasa la pili. Wali utaiva. Hilo limekwisha pitishwa kwa kura. Kinachobishaniwa ni nani atapakuliwa kwanza, na msichana wa darasa la tano, ambaye sasa yuko la sita, anasema hawezi kuanza kukata maboksi mpaka wajue mjusi anakula kwa sahani gani.